Gorila ana madaktari, domo-kiatu ana nani?

MADA

Wakuu, fedha za uhifadhi zikiwa chache, aanze nani? Gorila wa milimani wa Bwindi na Virunga, kwenye misitu ya Uganda, Rwanda na Kongo, au korongo domo-kiatu, yule ndege mkubwa wa kijivu anayesimama kimya kwenye mafunjo akimvizia kamongo?

Wengi husema ndege asubiri, maana gorila ndiye aliye hatarini zaidi. Mimi sikubali. Gorila hao wamehesabiwa, wakapatikana 1,063. Ni wachache, lakini wanaongezeka, na mwaka 2018 walitolewa kwenye daraja la walio hatarini kabisa. Wana walinzi, wana madaktari wanaowafuata msituni, na Rwanda mgeni hulipa dola 1,500 kukaa nao saa moja.

Domo-kiatu wanakadiriwa kuwa 5,000 hadi 8,000, kuanzia Sudan Kusini mpaka Zambia, nao wanapungua. Jike hutaga mayai mawili hivi, na kwa kawaida kifaranga mmoja tu ndiye hukua. Hapa Tanzania tunao Malagarasi-Moyowosi, ardhioevu yetu ya kwanza kuingia Ramsar, orodha ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2000. Kiota ni lundo la majani juu ya maji. Moto wa kiangazi ukipita hapo, kifaranga asiyejua kuruka ameisha.

JIBU

Mkuu, unamwonea gorila. Walinzi unaowataja wanakufa kazini: Januari 2021 sita waliuawa Virunga katika shambulio moja. Gorila huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne hivi, na mafua ya binadamu yanaweza kumuua. Legeza ulinzi kidogo tu, hiyo 1,063 inaporomoka.

MTOA MADA

Ndugu yangu, walinzi hao nawaheshimu sana, na sijasema gorila apunguziwe hata senti. Nazungumzia fedha mpya. Pale kwenye kinamasi cha Mabamba, Uganda, wavuvi walimwona domo-kiatu kuwa mkosi: ukikutana naye, siku hiyo hupati samaki. Leo wanawapakia wageni kwenye mitumbwi kwenda kumtafuta, na kipato kinabaki kijijini. Kwetu, ndege huyu alijulikana zaidi kwa wafanyabiashara wa wanyama hai, mpaka serikali ilipozuia kuwasafirisha nje ya nchi mwaka 2016.

Zuio peke yake halizimi moto wala halimlipi mvuvi wa Malagarasi. Wenyeji wa Kigoma na Tabora mliomo humu, mngependa fedha hizo zianzie wapi: doria, mitumbwi ya wageni, au makubaliano na wafugaji kuhusu kuchoma nyasi?