Makumbusho ya Ngome ya Hikone: niyatembelee au niende moja kwa moja mnarani?

Swali
Habari zenu ndugu. Nitakuwa Kyoto, Japani, kikazi na nitapata siku moja ya mapumziko, ambayo nimekusudia kuitumia Hikone, kando ya Ziwa Biwa, kwa kuwa treni hufika huko kwa muda usiozidi saa moja. Nimesoma kwamba jengo la makumbusho chini ya ngome ni la mwaka 1987. Je, linastahili muda wangu, ilhali mnara ulio juu ya kilima ni wa kale kweli?

Jibu la 1
Ndugu, mimi ningeanza na makumbusho bila kusita. Mnara ni mzuri, tena ni miongoni mwa mitano tu iliyotangazwa hazina ya taifa la Japani, lakini ndani yake kuna mbao, ngazi na madirisha, basi. Vitu vya wenyewe, yaani mabwana wa ukoo wa Ii waliotawala hapo hadi enzi ya samurai ilipokwisha, vimo makumbushoni. Zitazame kwa makini deraya zao: zote zimepakwa rangi nyekundu, na kofia ya bwana hujulikana kwa pembe mbili ndefu za dhahabu zilizochomoza ubavuni, hata askari walio mbali wakamtambua kiongozi wao. Jengo lenyewe limefuata ramani ya kasri lililokuwa hapo zamani, na jukwaa la Noh, tamthilia ya jadi ya Kijapani, lililomo ndani ni lile lile la mwaka 1800, lililohamishwa na baadaye kurudishwa mahali pake.

Jibu la 2
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu jukwaa, ila kuhusu mpangilio nina rai tofauti. Ngazi za mnara zina mwinuko mkali mno na watu hupanda kwa foleni, kwa hiyo siku ya mapumziko ni afadhali kuwahi juu asubuhi, kisha ushuke makumbushoni miguu ikiwa imekwisha kuchoka. Tiketi ya pamoja ya ngome na makumbusho inapatikana. Kile kiambaza maarufu cha kukunjwa chenye picha, kiitwacho Hikone Byobu, hakionyeshwi mwaka mzima, basi uliza kabla ya kupanga safari kwa ajili yake.

Jibu la 3
Naongeza jambo moja ambalo wageni wengi hulipita. Ii Naosuke, bwana wa Hikone aliyeidhinisha mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1858 na kuuawa mwaka 1860 nje ya lango la Sakurada mjini Edo (Tokyo ya leo), alizaliwa mtoto wa kiume wa 14 katika ukoo huo, asiyetarajiwa kurithi chochote. Aliishi tangu umri wa miaka 17 hadi 32 katika nyumba ya kawaida iitwayo Umoregi-no-ya, akijifunza upanga, ushairi na adabu za chai. Nyumba hiyo ingali imesimama karibu na handaki la maji la ngome, nawe ukishaviona vyombo vya chai makumbushoni, ipitie kabla ya kurudi stesheni.