Naomba ushauri: mkopo ukikataliwa na akili mnemba, mapitio yafanyweje?

Wadau, habari zenu. Nauliza kuhusu programu za mikopo ya simu Kenya zinazopima wakopaji kwa akili mnemba.

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka mteja ajulishwe kwa maandishi uamuzi mzito ukifanywa na mashine pekee. Akiomba, uangaliwe upya. Ugumu uko hapo: karani akiletewa alama ambazo mashine imempa mteja, bila sababu zake, atagonga muhuri tu, na hayo si mapitio. Je, inatosha kuhifadhi kwa kila ombi toleo la modeli (programu inayotoa alama hizo), data iliyoingia, sababu tatu nne zilizoshusha alama, na jina la aliyepitia? Na mkandarasi aliyeunda modeli akidai fomula ni siri ya biashara (hudai hivyo karibu wote), mkataba umbane kwa kipengele gani?

Halafu tathmini ya athari (za uchakataji wa data kwa haki za wateja), kifungu cha 31 cha sheria hiyo, hupelekwa kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla ya kuanza kuchakata data. Modeli ikifunzwa upya kila mwezi, huandikwa tathmini mpya kila mara, au vigezo vikibadilika tu?

Mwenye kiolezo cha barua ya kukataa mkopo kwa Kiswahili chepesi, tafadhali akiweke hapa.