MREJESHO: Kwa nini injini ya Alfa Romeo 8C ilikatwa katikati?

Niliuliza hapa kwa nini injini ya Alfa Romeo 8C 2300, gari la Kiitaliano la mwaka 1931, yenye silinda nane zilizopangwa mstari mmoja, iliundwa kwa bloku mbili za silinda nne nne, huku gia zinazoendesha kamshafti (mihimili inayofungua valvu za silinda) zikiwa katikati badala ya kukaa mbele kama ilivyozoeleka. Nawashukuru mlionijibu, nimerudi kwenye michoro na sasa nimeelewa.

Tatizo lilikuwa urefu. Krenkishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) ikiwa ndefu hujisokota inapozungushwa kwa kasi, na kamshafti ndefu vivyo hivyo, kiasi kwamba valvu za upande mmoja zinaweza kuchelewa kuliko za upande mwingine. Vittorio Jano, mhandisi aliyeisanifu, aliigawa krenkishafti vipande viwili na kuweka gia kati yake, gia hizo zikiendesha kamshafti mbili za juu pamoja na supachaja ya aina ya Roots (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), hivyo kila kipande kikabaki kifupi na kigumu. Nilidhani ni urembo wa mhandisi, kumbe ni hesabu.

Mliosema niitazame 8C 2900B, gari la baadaye la ukoo huohuo, pia hamkukosea. Injini yake ya sentimita za ujazo 2,905 ilikuwa na supachaja mbili, na giaboksi ilihamishiwa nyuma pamoja na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) ili uzito usilemee mbele. Bodi za Touring, waunda bodi za magari wa Milano, yaani bati la alumini juu ya mabomba membamba ya chuma, ndizo zilizonivutia macho tangu mwanzo, nakiri.