Tunakatwa pesa ya usalama wa safari, lakini taa ya kisiwa cha Idjwi imekufa

Ndugu zangu wa Goma na Bukavu, nimerudi nyumbani, nimeoga, usingizi umekataa. Niacheni niseme.

Alhamisi usiku nilipakia vitunguu vyangu, magunia kumi na mawili, kwenye boti ya kwenda Bukavu. Dirishani nilikatiwa risiti tatu: ya nafasi, ya mizigo, na nyingine ndogo ya pesa ya usalama wa safari. Hiyo ya tatu ninayo hapa mezani. Imelowa, wino umetanda, lakini kiasi nilicholipa bado kinasomeka.

Hakukuwa na mwezi. Anayejua ziwa letu la Kivu anaelewa maana yake: wavuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo, wako majini, kwa sababu sambaza hufuata taa, na giza ndilo linalowalisha watu wale. Ukiwa mbali unaona taa zimetapakaa kama kuna mji. Lakini taa ya mvuvi haikai mahali pamoja. Upepo unaisukuma, mwenyewe anaivuta. Saa nane hivi, upande wa Idjwi, kapiteni alishika taa mbili akidhani ni za kijiji, akaielekeza boti huko. Zilikuwa za wavuvi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja kwenye mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Alisimama, akainua karabai yake juu ya kichwa: "We kapiteni! Rudi nyuma! Iko mawe huku!" Mashine ikanguruma kinyumenyume, magunia yakaporomoka, mtoto wa mama niliyekaa naye akaangukia miguu yangu. Kwa mwanga wa karabai ile nililiona jiwe: jeusi, limelowa, povu likilizunguka. Kutoka nilipokuwa hadi pale ni kama kutoka mlangoni hadi jikoni. Watu walikuwa wanagombania jile za kuokolea, na hazikutosha.

Sasa sikieni kinachoniuma. Juu ya mawe yale yale iko nguzo ya taa. Ipo! Ilisimikwa pale ili kapiteni asiende kwa kubahatisha, na sola yake na betri yake. Iliwaka miezi michache, betri ikaibwa, hakuna aliyeleta nyingine. Mabaharia wanajua, wavuvi wanajua, wanaokata risiti wanajua. Ijumaa nilikwenda ofisini Bukavu, risiti mkononi. "Mama, taa si kazi yetu, nenda ile biro ya pili." Hiyo ofisi ya pili ikanirudisha ya kwanza. Nilizunguka na nguo zenye maji ya ziwa mpaka saa sita mchana.

Kuna atakayesema boti ya Merdi ilizama tarehe 3 Oktoba 2024 mchana kweupe, karibu kabisa na bandari ya Kituku hapo Goma, watu wa ufukweni wakiona kwa macho, na kwamba ugonjwa wetu ni kupakia kupita kiasi. Ni kweli, na maiti za siku ile tumezilia. Lakini boti iliyojaa namna ile ikipasuliwa na jiwe usiku wa giza, nani ataiona? Ziwa hili kuna mahali linapita mita 400 kwenda chini.

Na msiniambie taa ni kitu kinachotushinda. Nilipokwenda Unguja kutafuta vitambaa niliuona mnara wa Chumbe. Chumbe ni kakisiwa tu, ukikiweka kando ya Idjwi hakionekani. Waingereza walijenga mnara pale 1904, na 1926 ukawekewa taa ya gesi ya AGA, kampuni ya Gustaf Dalén wa Uswidi. Huyo alipewa tuzo ya Nobel 1912 kwa vifaa vya kuziendesha taa kama hizo zenyewe. Alitengeneza hata vali inayofunga gesi kukicha na kuifungua giza likiingia. Na taa ya mnara ina mpigo wake: inawaka, inazima, inawaka tena kwa hesabu maalumu. Kapiteni akihesabu anajua yuko wapi, hawezi kuichanganya na karabai wala moto wa mtu anayepika ufukweni. Hayo watu waliyajua zaidi ya miaka mia moja iliyopita! Sisi tuna sola sokoni, mafundi kila kona, na bado mzee wa sambaza ndiye anayesimama usiku kucha badala ya mnara, bila kulipwa hata franka moja.

Nataka betri irudi kwenye nguzo ile, ifungiwe ndani ya sanduku la chuma, na kijana wa pale pale kisiwani alipwe kuilinda, kwa pesa hii hii tunayokatwa. Na wanaoikata watuonyeshe imekwenda wapi.

Kama unasafiri na unayo ile risiti ya tatu, ipige picha uiweke hapa chini, tarehe ionekane vizuri. Alhamisi ijayo narudi Bukavu, naziendea zile ofisi mbili. Mama sita wa vitunguu wameshakubali kwenda nami.