Gumzo la ukoo: Uhasibu au eskaveta?

Mama: Habari za jioni, ndugu zangu. Kijana wetu amechaguliwa na vyuo vikuu viwili kusomea uhasibu, na hapohapo shemeji amemtafutia nafasi ya kujifunza kuendesha eskaveta, ule mtambo wa kuchimba udongo, kwenye ujenzi wa barabara. Dirisha la kuthibitisha chuo linafungwa Ijumaa. Naomba mawazo yenu, kwa maana peke yangu nimeshindwa kuamua.

Shangazi: Wifi, mimi sioni cha kujadili. Mtoto amesoma hadi kidato cha sita, halafu tumpeleke akale vumbi?

Dada: Shikamoo, Shangazi. Mimi nina shahada hiyohiyo ya uhasibu, na huu ni mwaka wa pili nipo kwenye kibanda cha miamala ya simu. Sijutii kusoma, ila mdogo wangu ajue kwamba fedha za Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ni deni: ukishaajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi mpaka liishe.

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Hilo la kibanda linaniuma hata mimi.

Baba Mdogo: Nafasi nimeileta mimi, kwa hiyo acheni niseme na ubaya wake. Miaka miwili nilikuwa tingo wa opereta, nikiosha mtambo na kupaka grisi pini za kijiko kabla jua halijachomoza, na kiti nilikikalia pale tu mkubwa wangu alipokwenda kula. Kazi niliijua. Lakini mradi ulipokwisha, barua niliyopewa iliniita kibarua, na saiti iliyofuata nikarudishwa kwenye grisi, kwa sababu sikuwa na cheti wala leseni ya daraja la mitambo.

Kijana: Shikamooni. Baba Mdogo, nafasi yangu mimi ni ya namna hiyohiyo?

Baba Mdogo: Marahaba. Mpaka leo ni ya mdomo tu. Nimemwomba msimamizi aandike mkataba unaotaja nani atakufundisha, utakaa kwenye mtambo saa ngapi kwa wiki, posho ni kiasi gani na nani atagharamia mtihani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanao utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Mimi niliujua nikiwa nimeshapoteza miaka. Msimamizi asipoandika mkataba huo, kathibitishe chuo, wala sitakununia.

Shangazi: Na masika mitambo ikisimama, mnakula nini?

Baba Mdogo: Tunakula akiba, Dada, na asiyeiweka anakopa dukani. Kiuno nacho kinalalamika mwaka mzima, mvua au jua.

Kijana: Nakiri kwamba nilivutiwa na ukubwa wa ule mtambo, sikuwaza habari za karatasi. Naomba Jumatatu nije saiti kutazama bila kusaini chochote, na ikifika Alhamisi jioni mkataba haujaandikwa, nitathibitisha chuo.

Mama: Hapo nimepata pa kushika.

Baba Mdogo: Njoo na buti, usije na raba. Saa kumi na mbili kamili tunapima oili, injini ikiwa bado ya baridi.

Shangazi: Na huo mkataba uupige picha, kurasa zote, uuweke hapa kwenye kundi niusome kabla hujashika kalamu.