Kikao cha mawazo ofisini: wawili wanaongea, wengine kimya. Kiendeshweje?

Nahodha_wa_Timu: Wakuu, ripoti ya ajira ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya 2023 iliweka fikra bunifu nafasi ya pili kati ya stadi kuu zinazohitajika kazini, nyuma ya fikra chambuzi. Lakini vikao vingi ni "nani ana wazo?", kisha kimya. Njia gani inafanya kila mtu atoe kitu?

Kalamu_Nyeusi: Kinachokwamisha ni zamu ya kuongea. Anayesubiri zamu husahau wazo lake au hulichuja mapema. Wanasaikolojia Diehl na Stroebe walilipima hilo 1987: watu waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakijumlishwa, waliwazidi waliokaa kundi moja.

Kwa hiyo andikeni. Jaribu mbinu ya 6-3-5 ya Bernd Rohrbach: watu 6, kila mmoja na karatasi yenye safu wima 3 na mistari 6. Dakika 5 kimya, jaza mawazo 3 kwenye mstari wa kwanza, kisha mpe jirani. Naye asome aliyoyakuta, aongeze yake 3. Raundi 6 ni dakika 30, na mawazo yanaweza kufika 108.

Bi_Mpangilio: Swali likiwa pana, hata hiyo itafeli. "Tuboresheje huduma?" huzaa kaulimbiu tu. Uliza "Tufanyeje mteja asijaze taarifa zilezile mara mbili?" Na kuanzia raundi ya nne watu hukauka, waruhusu kuendeleza la mwenzao, wasilazimishwe kuleta jipya.

Nahodha_wa_Timu: Asanteni. 108 nayachujaje?

Kalamu_Nyeusi: Si papo hapo, tafadhali. Kesho yake unganisha yanayojirudia, yabandike ukutani bila majina, kila mtu agawe vitone 3, yaani kura zake, kwenye anayoyapenda. Bosi apige kura mwisho, la sivyo wote watamfuata.

Bi_Mpangilio: Hapa ndipo ubunifu hufia, na inauma. Kura hupenda yaliyozoeleka kwa sababu yanaonekana rahisi kutekeleza. Tenga nafasi moja ya wazo geni hata kama lina vitone vichache, ulijaribu kwa udogo: mchoro wa karatasi, wateja watano, wiki moja. Andika jina la mhusika, tarehe, na matokeo gani yatafanya mliache. Wazo lisilo na mhusika halifiki hata Ijumaa.