Komini isiyo na mgodi inakula wapi?

Kijana wa Katuba: Wandugu, Lubumbashi ina komini 7 (sehemu za mji zenye utawala wao). Kila mara tunasikia redevansi ya madini (malipo ya kampuni za migodi juu ya madini yao) imelipwa, lakini huku kwetu hata mtaro wa maji ya mvua unangoja. Anayetukata ni Kinshasa ao jimbo? Na ile 40% ya Katiba iko wapi?

Kalamu Nyekundu: Hiyo ni mifuko miwili, usiichanganye. Redevansi inafuata shimo, haifuati watu. Sheria ya Migodi ya 2018, kifungu 242: leta (serikali kuu) 50%, jimbo 25%, komini ao sekta (eneo la vijijini) penye mgodi 15%, Fomin (mfuko wa vizazi vijavyo) 10%. Shaba ya dola milioni 10 inatozwa 3.5%, yaani 350,000. Komini inapata 52,500. Kobalti, kwa kuwa ni madini ya kimkakati, inatozwa 10%: komini 150,000.

Sasa angalia siasa inapoingia. Redevansi inadaiwa bidhaa ikitoka mgodini ao kiwandani kwenda kuuzwa. Kinshasa ikafunga kusafirisha kobalti 22/2/2025, halafu ikaleta kwota (kiasi kinachoruhusiwa kutoka) mwezi wa 10. Mzigo ukilala, komini iliyopanga budje juu ya kobalti inabaki na namba kwenye karatasi.

Mama Hesabu: Naongeza ya 40%. Kifungu 175 cha Katiba kinasema jimbo likate sehemu yake, 40% ya mapato ya taifa, palepale yanapokusanywa. Haifanyiki hivyo: makuta yanapanda Kinshasa kwanza, yanashuka kama retrosesyo (sehemu inayorudishwa jimboni), pungufu na kwa kuchelewa. Sheria 08/016 ya 2008 inazipa miji, komini, sekta na shefferi (maeneo ya machifu) 40% ya sehemu ya jimbo. Kwenye kila 100 ya taifa, huku chini ingefika 16. Jimbo likipewa 10 badala ya 40, nyinyi ni 4, tena mgawane na wengine wote, na kama gavana hajaanza na madeni yake.

Halafu 2015 Katanga ikakatwa vipande 4. Kolwezi na Fungurume, penye migodi mikubwa, zikaenda jimbo la Lualaba. Kwangu hiyo ndiyo iliumiza Lubumbashi kushinda yote.

Kijana wa Katuba: Asante mama. Basi nikamuulize burgumesta (mkuu wa komini) nini?

Kalamu Nyekundu: Omba budje ya mwaka huu na hesabu za mwaka uliopita. Tazama mstari wa retrosesyo: kilichotarajiwa, kilichoingia. Kama mwaka jana iliingia robo na mwaka huu wameandika mara mbili, bila barua yoyote ya jimbo, budje imepakwa rangi. Kisha patanti (kodi ya wafanyabiashara wadogo) na ushuru wa soko, hizo zinakusanywa hapohapo. Kodi ya nyumba, ya kupangisha na ya magari usimdai, hizo ni za jimbo kupitia DRHKAT, ofisi yake ya mapato. Wala 0.3% ya mauzo ya kampuni za migodi, ile ni ya jamii zinazozunguka mradi.

Mama Hesabu: Na washauri wa komini mliowapigia kura mwezi wa 12, 2023, anza nao. Kupitisha budje ni kazi yao.